Mashine ya kukimbilia nyumbani Lubumbashi: kwa nini anayetembea polepole anahitaji mota imara

"Fundi, hodi. Mimi ni mama wa miaka 51, tunakaa Kampemba hapa Lubumbashi. Nina kilo 102 na urefu wa mita 1.66. Daktari aliniambia nitembee dakika 30 kila siku kwa ajili ya presha. Njia yetu imejaa kamyo na vumbi, na jioni ni giza, kwa hiyo nataka mashine ya kukimbilia niiweke ndani ya nyumba. Nimeonyeshwa mbili. Ya kwanza ni mpya, nyepesi, inakunjwa, imeandikwa 3.5 HP, wanataka dolari 390. Ya pili ni okazioni, imekwisha tumika, kubwa sana, ilitoka kwenye jimu huko Marekani, dolari 650. Plagi yake ina meno mawili bapa, moja limesimama, jingine limelala, na la tatu la mviringo. Muuzaji anasema tutaweka adapta tu. Mimi sikimbii, natembea tu, kwa hiyo naona mota ndogo itanitosha. Mume wangu anasema itaniharibu magoti. Umeme wetu unaujua. Tuna jenereta ya kVA 2.5. Nyumbani kuna wajukuu wawili, mmoja ana miaka 3. Ninunue ipi?"

Jambo mama. Umefanya vema kuieleza ile plagi, maana imenijibia nusu ya swali. Kwa kifupi: ile ya pili iache. Ile ya kwanza usiilipie kabla hujaipima jinsi nitakavyokueleza, na nina wasiwasi kwamba haitakubeba muda mrefu. Pesa unazo za kutosha kupata kitu kizuri, mradi usizimalizie zote kwenye mashine yenyewe.

Nianze na plagi. Jino moja bapa likisimama na lingine likalala, hiyo ni plagi ya Marekani ya volti 120 na ampea 20. Umeme wetu wa SNEL, shirika la umeme la nchi, ni volti 220. Adapta hubadilisha umbo la meno tu, volti zinapita kama zilivyo. Siku mtakapoichomeka hivyo, karte ya elektroniki inayoiongoza mota itapokea karibu mara mbili ya umeme iliyoundiwa, na inaweza kuungua papo hapo, kabla hata mkanda haujasogea. Ili itumike hapa lazima uwe na transfo ya kushusha 220 kuwa 120, na kwa kuwa ampea 20 kwa volti 120 ni wati 2,400, transfo hiyo isipungue kVA 3 za kweli. Ni kitu kizito, ni ghali, na kinaongeza joto chumbani. Mashine zenyewe za jimu ni imara sana, sizikosoi hata kidogo, lakini nyingi zinapita kilo 150. Hata kuipitisha mlangoni ni kazi ya vijana wanne. Ungeniambia imetoka Afrika Kusini ningejibu vingine: kule umeme ni volti 230 na hertzi 50, mashine yao unabadilisha plagi na inatembea. Kwa hiyo mashine ya okazioni usiulize kwanza imetoka nchi gani, inama utafute kibandiko karibu na mahali waya unapoingilia. Kinatakiwa kusema 220–240 V, 50 Hz. Kikisema 110 au 120, mshukuru muuzaji uondoke.

Sasa ile ndogo, na wazo lako kwamba anayetembea tu anatosheka na mota ndogo. Karibu kila mtu anafikiri hivyo, na ndilo wazo linaloua mashine nyingi za nyumbani.

Mashine nyingi za bei ndogo zina mota ya umeme wa moja kwa moja, ile tunayoita DC. Mota ya namna hii, nguvu yake ya kuzungusha inatokana na ampea zinazopita ndani yake. Unapokanyaga, kisigino chako kinaushika mkanda na kuukandamiza kwenye ubao ulio chini yake, na kwa nukta ile mkanda unataka kusimama. Mota inalazimika kuvuta ampea nyingi zaidi ili usisimame. Mtu mwepesi anayekimbia anaugusa mkanda muda mfupi na kuruka, lakini mtu mwenye kilo 102 anayetembea kilomita 2 au 3 kwa saa anaubana kila wakati, mguu mmoja au yote miwili. Na joto ndani ya nyaya haliongezeki sawa na ampea: ampea zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ubaya mwingine ni feni ya kupooza, ambayo kwa kawaida imefungwa kwenye mhimili wa mota ileile. Mota ikizunguka polepole, feni nayo inazunguka polepole, yaani joto linapanda wakati upepo umepungua. Ni kama kamyo yenye shehena ya kutoka mpakani Kasumbalesa inapopanda mlima taratibu: inachemka kuliko ile inayokimbia kwenye tambarare.

Ndiyo maana mama wa kutembea mwenye mwili anahitaji mota imara kuliko kijana wa kilo 65 anayekimbia. Mara nyingi mota yenyewe haiungui, inatangulia karte. Nikifungua kifuniko cha mbele cha mashine iliyokufa, ninachokuta ni vumbi jekundu limelala juu ya karte, na transista moja au mbili zimekuwa nyeusi.

Hiyo "3.5 HP" isikutie moyo. HP moja, yaani nguvu ya farasi mmoja, ni wati 746, kwa hiyo 3.5 ni wati 2,611. Angalia fyuzi au kibandiko cha mashine hiyohiyo: nyingi za ukubwa ule zina ampea 10, na ampea 10 kwa volti 220 ni wati 2,200. Mota haiwezi kutoa nguvu kuliko umeme unaoingia. Namba iliyobandikwa mbele ni ya kilele, nguvu inayoweza kutoka kwa sekunde chache tu. Unachotaka kujua ni nguvu ya kudumu, ile mota inayoweza kuitoa nusu saa bila kuungua. Kwa wewe nisingeshuka chini ya 2 HP za kudumu, na 2.5 zingeniridhisha. Muuzaji asipojua tofauti ya hizo mbili, soma wati kwenye kibandiko cha mota yenyewe, si kwenye katoni.

Kisha uliza uzito wa juu unaoruhusiwa. Ikiwa wameandika kilo 110 au 120, umebakiwa na nafasi ndogo mno. Tafuta inayosema 130 au zaidi. Na uzito wa mashine yenyewe unasema ukweli kuliko maandishi: ya kukunja yenye kilo 35 imetengenezwa kwa chuma chembamba, itayumba na kulia chini yako. Ya kilo 60 au 70 itatulia. Mkanda, kwa kutembea, upana wa sentimita 45 na urefu wa 130 unatosha. Zile za kukimbilia zenye 50 kwa 150 huzihitaji. Skrini, spika, Bluetooth, hivyo vyote viruke.

Kuna jaribio moja ambalo usilikose dukani, hata muuzaji akinung'unika. Vaa viatu vya raba, panda, weka kilomita 2 kwa saa, utembee dakika 10 kamili ukikanyaga kwa uzito wako wote bila kushika vyuma. Ukihisi mkanda unasita kila unapokanyaga, kama unakatwa kidogo halafu unaendelea, ama mota imekushindwa ama mkanda umekauka. Zima, chomoa plagi, halafu ingiza vidole chini ya mkanda pembeni, katikati ya ubao: panatakiwa kuteleza kama mahali palipopakwa nta. Pakiwa pakavu na pakali, mwambie apake silikoni, kisha panda tena. Mwisho weka kiganja juu ya kifuniko cha mota na unuse. Joto la kawaida ni sawa, lakini harufu ya waya iliyoungua ni sababu ya kurudi nyumbani na pesa zako.

Tuje kwenye umeme, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu Lubumbashi ndipo mashine nyingi zinafia.

Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, yenyewe si adui mkubwa. Umeme ukikatika, mkanda unasimama ghafla, na usiposhika vyuma unaweza kusukumwa mbele. Kwa hiyo tembea ukiwa karibu na vyuma, hata kama huvishiki. Adui wa kweli ni namna umeme unavyorudi, na namna unavyolegea jioni resho, majiko ya umeme, za mtaa mzima zinapowaka pamoja. Volti zikishuka, mota inadai ampea zaidi ili ifanye kazi ileile, na nimekwisha kukueleza ampea zinafanya nini kwa joto. Umeme unaporudi nao huja na msukumo wa juu. Kwa hiyo nunua stabilizateri, kifaa cha kutuliza volti, ya kVA 3, yenye kuchelewesha umeme dakika chache kabla ya kuuachia, kama zile za friji. Zile ndogo za televisheni zitaungua. Na kila unapomaliza, chomoa plagi ukutani, usitegemee kuzima kwa kidole.

Jenereta yenu ya kVA 2.5 inaweza kuisukuma mashine ya nyumbani kwa kutembea, kwa masharti. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini ya petroli hupoteza kama asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila mita 300, maana hewa ni nyembamba. Hesabu basi kwamba una kVA 2 na kidogo. Ukiwa juu ya mashine, friza na pasi visiwe juu ya jenereta. Ipitishe kwenye stabilizateri, kwa kuwa jenereta ndogo volti zake zinapanda na kushuka. Na jenereta ibaki nje, mbali na madirisha: moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua, na wewe utakuwa ndani unahema kwa nguvu. Kama mna betri na inveta ya sola, uliza kwanza kama inatoa wimbi safi la sine. Zile za bei ndogo zenye wimbi la ngazi-ngazi zinachosha karte.

Jambo ambalo karibu hakuna anayeniuliza ni waya wa ardhi. Mkanda unaosugua ubao unazalisha umeme tuli, hasa kiangazi, Juni hadi Septemba, hewa inapokuwa kavu. Unashika chuma unapigwa. Hiyo peke yake haiui, lakini inaweza kuua karte. Ila waya wa ndani ukichubuka na kugusa chuma cha mashine, nyumba isiyo na waya wa ardhi itakufanya wewe na jasho lako kuwa waya huo. Nyumba nyingi za hapa zina soketi za matundu mawili, na nimeona watu wakikata jino la tatu la plagi ili iingie. Usikate, mama. Muite fundi umeme afukie fimbo ya shaba kwenye parseli, yaani kiwanja chenu, avute waya hadi soketi moja ya mashine tu, aipime, na aweke disjonkteri diferansieli, swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Aipime kiangazi, udongo ukiwa mkavu, maana masika kila fimbo inaonekana nzuri. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kupimia. Mimi siwezi kukufanyia kwa maandishi, wala mume wako asiijaribu kwa bisibisi.

Baba wa nyumbani naye ana hoja, ila ameielekeza pabaya. Kutembea, kila hatua, mguu unapokea kutoka chini nguvu inayozidi uzito wako kidogo, kama mara 1.1 au 1.2. Kukimbia ni mara 2 hadi 3. Kwa kilo 102 tofauti ni kubwa mno. Kwa hiyo kukimbia ndiko kungekuletea maumivu. Kutembea kwenye mkanda tambarare, juu ya ubao unaobonyea kidogo, ni kupole kuliko barabara ya mawe, na goti linaloanza kusagika linahitaji misuli ya paja inayofanya kazi kuliko kupumzishwa kitini. Kama goti linavimba, linajifunga, au linauma hata usiku ukiwa umelala, hapo lipeleke kwa daktari wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kununua chochote.

Usione haya kwenda polepole. Daktari Robert Bruce wa Marekani alipoweka utaratibu wa kupima moyo juu ya mashine hii, mtihani ambao hospitali bado zinautumia, hatua ya kwanza aliiweka kwenye kilomita 2.7 kwa saa tu, ila kwa mwinuko wa asilimia 10, na wagonjwa walitoka jasho. Mwinuko unaupa moyo kazi bila kuongeza kishindo. Wewe anza bila mwinuko, dakika 10 kwa kilomita 3 kwa saa. Ongeza dakika wiki kwa wiki hadi zifike 30, na baadaye weka mwinuko wa asilimia 2 au 3. Dakika 30 kwa siku tano ni 150, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima kwa wiki. Usining'inie kwenye vyuma: kuvibana kwa mikono kunapandisha presha na kunaipunguzia miguu kazi. Vishike unapopanda, unaposhuka, na unapokosa uthabiti.

Kuhusu mjukuu wa miaka 3, nitasema bila kuzunguka. Mkanda unaotembea unaunguza ngozi ya mtoto kwa msuguano na unaweza kumvuta chini ya mashine. Mwaka 2021 kampuni ya Peloton huko Marekani iliziita zirudi mashine zake za Tread+, kama 125,000, baada ya kifo cha mtoto mmoja na ajali nyingine nyingi. Ule ufunguo mwekundu wenye kamba, unaosimamisha mashine ukichomoka, ambao watu wanaudharau, ubane kwenye nguo yako kila mara. Ukimaliza, uchomoe ukae nao chumbani kwako, juu. Mashine iwe kwenye chumba kinachofungwa, na nyuma yake uache mita 2 wazi. Usiigeuzie ukuta mgongo: anayeanguka hurushwa nyuma, na akikuta ukuta anabanwa huku mkanda unaendelea.

Niwe mkweli pia kuhusu kama unaihitaji kweli. Daktari alisema utembee, hakutaja mashine. Kama kuna jirani mwenzako wa kutembea naye saa 12 asubuhi kabla kamyo hazijaanza, au uwanja wa shule au wa kanisa unaoruhusiwa kuuzunguka, dolari zako zote zinabaki mfukoni. Baiskeli ya mazoezi yenye sumaku nayo ni chaguo ambalo ningempendekezea mama yangu mzazi: haitegemei SNEL, skrini yake inatumia betri ndogo, haina mkanda wa kuwavuta watoto, na magoti huipenda. Uliza tu kiti chake kinabeba kilo ngapi. Mashine za kukimbilia zisizo na mota, zile tambarare zinazosukumwa kwa miguu, usizinunue. Ili mkanda usogee zimeinuliwa kichwa moja kwa moja, na mtu mzito anayeanza anachoka kabla ya kufaidika. Zile zilizopinda kama mashua ni nzuri kwa wanamichezo, lakini ni ghali, na zinakudai nguvu nyingi kuliko ya mota kwa mwendo uleule.

Ningekuwa wewe, zile 650 ningezigawa hivi: waya wa ardhi na disjonkteri kwanza, stabilizateri pili, kinachobaki ndicho cha mashine. Kikitosha mashine ya volti 220 iliyofaulu jaribio la dakika 10, hata ikiwa okazioni, inunue. Kisipotosha, chukua baiskeli sasa na uendelee kuweka akiba. Chupa ya silikoni safi usiisahau; mawese, mafuta ya mota na mafuta ya kulegeza skrubu zilizoshika kutu yanauharibu mkanda. Kila miezi mitatu, na kiangazi mapema zaidi, pima kwa vidole kama ulivyopima dukani. Vumbi la ndani ya kifuniko liachie fundi, kwa sababu kondensa za karte hubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa.

Kabla ya siku ya kwanza, rudi kwa daktari wako na maswali mawili. La kwanza: dawa ninazokunywa zinapunguza mapigo ya moyo? Atenolol na bisoprolol zinafanya hivyo, na ukiwa nazo ile namba ya mapigo kwenye skrini haikuongozi. Tumia pumzi yako, uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. La pili: sukari yangu imepimwa lini? Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, uwe na kitu kitamu karibu, na ukague nyayo zako kila jioni. Presha ikisoma 180 kwa 110 au zaidi asubuhi hiyo, usipande. Mwisho wa mazoezi punguza mwendo dakika 5 kabla ya kusimama, la sivyo kichwa kitazunguka. Na kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, pumzi ikikatika bila sababu au macho yakiingia giza, vuta ile kamba nyekundu, kaa chini, uite mtu akupeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama maumivu yametulia.